Leseni Ndogo ya Dada Perlita

Dada Perlita Hortinela alikuwa anaweza kulala amesimama. Nimemwona mara mbili kwa macho yangu, zote jikoni kwetu, bega limeegemea friji na kijiko mkononi, akingoja uji wa mchele uchemke. Nilizima jiko, nikamgusa kidogo, naye akafungua macho akasema, "Sikulala, nilikuwa nafikiri."

Tumepanga chini kwenye nyumba ya Mfilipino mwenzetu hapa Winnipeg, Kanada, ambako theluji ikijaa dirisha linakuwa jeupe tupu. Tuko mimi, mume wangu Rodel wa kiwanda cha madirisha, mtoto wetu Yumi, na mama mkwe wangu, Nanay Consing, yaani Mama Consing, aliyekuja kutusaidia kulea. Chumba cha mbele kilikuwa cha Dada Perlita. Jiko letu sote, choo chetu sote, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alipokohoa, Yumi alishtuka.

Kwao ni Iloilo, Ufilipino. Baba yake alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na Perlita ndiye wa kwanza kati ya watoto wake sita. Mzee alishona mpaka macho yakamwisha ili binti asome uuguzi. Binti alipomaliza akawabeba watano waliobaki, mmoja akitoka shule mwingine anaingia. Kuolewa hakuolewa. Siku moja akikata vitunguu nilimuuliza, akanijibu bila kuinua kichwa, "Walikuja, mdogo wangu. Lakini kila walipokuja walinikuta nina mtu wa kumsomesha." Akafanya kazi hospitali ya kwao miaka sita, kisha Riyadh miaka minane, wodi ya wagonjwa mahututi. Mashine za kupumulia alizijua kwa sauti, kama mimi ninavyojua kilio cha Yumi cha njaa na kilio chake cha usingizi.

Huku hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee. Aliwaosha, aliwavalisha, aliwalisha, aliwabadilisha nepi watu wa miaka tisini, na dawa haruhusiwi kugusa, hata kidonge cha kichwa. Aliwahi kunisimulia juu ya mzee mmoja ambaye pumzi yake ilibadilika wakati anamwosha. Alijua palepale ni mapafu yanajaa maji. Akatoka kwenda kumwita nesi wa zamu, binti wa miaka ishirini na mitatu, akamwonyesha, kisha akarudi nyuma akasimama pembeni na taulo.

"Binti alifanya vizuri?" nikamuuliza.

"Alifanya polepole," akasema. "Lakini vizuri. Mimi nilishika taulo."

Hapa kuna leseni kubwa ya uuguzi na kuna leseni ndogo, ndivyo sisi wa chini tunavyoziita. Wengi waliokuwa na kubwa nyumbani wanaomba ndogo, kwa sababu njia yake ni fupi. Hiyo fupi niliiona ikipita jikoni kwetu miaka mitatu. Kwanza mtihani wa Kiingereza, yeye aliyewaelewa madaktari wa nchi saba. Kisha chuo cha Iloilo kitume vyeti moja kwa moja, visipite mkononi mwake. Kisha hospitali ya Riyadh ithibitishe kwamba alifanya kazi pale. Walikaa miezi kumi na mmoja, wakatuma barua imekosewa mwaka, ikabidi waombwe upya kwa adabu. Halafu ndipo unaitwa kupimwa, uonyeshe kwa mikono unachojua. Ukifaulu, unafanya mtihani wa kompyuta. Ukifaulu na huo, jina lako linaandikwa.

Na saa ilikuwa inakwenda. Chama cha wauguzi kinataka uwe umefanya uuguzi ndani ya miaka mitano iliyopita. Ikipita, yote yanahesabiwa yamechacha: chuo, Iloilo, Riyadh, yote, na unaanza upya darasani miaka miwili na watoto waliotoka sekondari jana. Zamu yake ya mwisho Riyadh ilikuwa tarehe thelathini Aprili, na hii ndiyo ilikuwa Aprili ya tano inakuja.

"Miaka miwili ya darasani sina," aliniambia. "Akili ninayo. Sina magoti."

Kupimwa kulipangwa Novemba. Ni vyumba vingi, kila kimoja na mgonjwa wa kuigiza, mtu mzima aliyefundishwa kuumwa, na mpimaji anakaa kona na karatasi. Dakika zako zikiisha kengele inalia, unahamia chumba kingine. Basi kuanzia Septemba, kila Jumapili baada ya misa na chakula, tulifanya mazoezi chumbani kwetu. Mimi nililala kitandani nikawa mgonjwa. Nanay Consing alikaa kwenye kiti na Yumi mapajani, akawa ndugu wa mgonjwa. Dada Perlita aliingia na kipimo cha presha shingoni kama skafu.

Mikono yake ilikuwa mizuri. Nasema hivi mimi niliyeshikwa nayo. Ilikuwa baridi kutoka nje lakini aliisugua kwanza kabla ya kunigusa, na alipokigeuza kichwa changu nilijiona mwepesi. Alinipima joto, akanisikiliza mgongo, akanibonyeza tumbo. Akimaliza, anamgeukia Nanay.

"Nanay, homa yake imepanda. Mpe maji kidogo kidogo, asile chumvi, na kifua kikimbana uniite upesi."

"Nimekusikia," anasema Nanay. "Huyu ni mkaidi, lakini nitamweza."

"Mimi niko hapa," nilisema siku moja.

"Mgonjwa hasemi," akasema Nanay. "Tulia uumwe."

Tukacheka wote watatu. Jioni ile Nanay alisogeza samaki mkavu mbali na sahani yangu, akamwambia Rodel kwamba nesi amenikataza chumvi.

Lakini mimi nililiona jambo, na nililiona mapema. Nilipojifungua Yumi, nesi wa zamu, msichana mrefu mwenye madoadoa usoni, aliwaomba Rodel na Nanay watoke kidogo. Akafunga mlango. Akavuta kiti akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole: mambo yako ya mwilini, unataka nimwambie nani? Niliogopa, nikadhani anafikiri napigwa. Nikamwambia waambie wote. Akasema sawa, na ukibadilisha mawazo niambie. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipokuwa mdogo nikaumwa minyoo, nesi wa zahanati kwetu alizungumza na mama yangu juu ya kichwa changu, na minyoo ilikuwa tumboni kwangu.

Nikiwa kitandani pale nikaona maneno ya Dada Perlita yanapita juu yangu vilevile. Nilitaka kusema. Kila Jumapili nilitaka kusema. Lakini yeye ana miaka kumi na minne ya uuguzi, mimi niliacha shule darasa la sita nikabebe wadogo zangu. Nikajiambia pengine kwenye mtihani ni tofauti. Nikanyamaza.

Novemba akaenda. Akarudi amechoka lakini uso umefunguka, akala sahani mbili za pansit, tambi za kwetu, akasema sindano imekwenda vizuri, hesabu za dozi zimekwenda vizuri, kidonda amefunga mpaka mpimaji akainama kuangalia.

Jibu lilikuja Januari, kwenye simu, mchana, akiwa ndio kwanza ametoka zamu. Alikaa mezani na koti. Alisoma, akarudia, akaiweka simu kifudifudi.

"Mikono wamesifu," akasema.

"Enhe?" akasema Nanay.

"Kila kitu cha mikono wamesifu. Wameandika pengo moja. Nimetoa habari za mgonjwa kwa ndugu yake bila ruhusa ya mgonjwa."

Akatusimulia. Chumba kimoja kilikuwa na mama wa kuigiza aliyepimwa uvimbe, majibu si mazuri, na binti yake wa kuigiza amekaa na mkoba. Dada Perlita alimshika binti mkono, akamtoa pembeni, akamwambia kwa upole, na akamwahidi kwamba mama ataambiwa taratibu, akiwa amekula. Chumba kingine, mzee mwenye kisukari na kaka yake, vivyo hivyo. Iloilo hivyo ndivyo muuguzi mwema anavyofanya. Mgonjwa anapumzika, nduguze wanaomuuguza ndio wanabeba maneno. Huku wameandika kwamba ameuvunja uaminifu wa mgonjwa.

"Sasa ungemwambia nani?" Nanay akauliza. "Mgonjwa? Mtu anaumwa, halafu umtwike na habari?"

"Ndivyo wanavyotaka, Nanay."

"Basi wana roho ngumu."

Chama kilimruhusu kurudia sehemu ile mara moja tu, katikati ya Machi. Akikosa, faili linafungwa, na kabla hajafungua jingine Aprili itakuwa imempita. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Kisha akaenda kulala, kwa sababu alfajiri alikuwa na zamu.

Kesho yake alipotoka kazini alinikuta namwogesha Yumi kwenye sinki la jikoni. Nilimwambia huku nimempa mgongo, maana usoni nisingeweza.

"Dada, mimi nililiona."

"Uliona nini?"

"Kwamba hunisemeshi. Kitandani. Unamsemesha Nanay. Yule nesi wa madoadoa, nilipojifungua, alinisemesha mimi."

Nikaendelea kumwaga maji kwenye bega la mtoto, bega lilelile.

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba."

"Mbona hukusema, Nimfa?"

"Wewe ni nesi. Mimi ni nani?"

"Wewe ulikuwa mgonjwa," akasema. "Nani mwingine angejua?"

Hakukasirika. Angekasirika ningelia, yakaisha. Alivuta kiti, akakaa, akafumba macho nikadhani amelala tena. Kisha akasema, "Haya. Huyo nesi wako wa madoadoa alifanyaje? Nieleze yote. Hata alivyokaa."

Nikamweleza. Nilimweleza huku nampaka Yumi mafuta, na yeye, muuguzi wa mahututi, akaandika maneno yangu nyuma ya bahasha.

Jumapili tukaanza upya, na hapo ndipo shida ilipotokea. Dada Perlita hakuweza kumtoa Nanay chumbani. Mdomo ulikataa kabisa. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Nanay, samahani sana, kama huna kazi, labda ungeenda kuangalia wali."

"Wali haujapikwa."

"Basi ukaupike."

"Dada," nikamwambia, "yule nesi wa madoadoa hakutudanganya. Alisema tu."

Mara ya pili alisema, ameangalia sakafu, kwamba anaomba abaki na mgonjwa peke yake. Nanay akasimama na mtoto kiunoni.

"Nifukuzwe? Mimi niliyemzaa mume wake?"

"Ni mazoezi, Nanay."

"Mazoezi ya kufukuza watu. Nimezaa saba, nimezika mume, hakuna aliyeniambia toka."

Akaenda kukaa kwenye ngazi. Siku mbili hakumsemesha Dada Perlita. Chakula chake alimwekea, amekifunika kwa sahani, lakini aliposikia mlango unafunguka alijifanya anatafuta kitu kabatini.

"Miaka yote nimefundishwa kumwangalia mkubwa kwanza," Dada Perlita aliniambia akila kile chakula. "Ukiingia wodini, unamsalimia bibi wa mgonjwa, ndipo mgonjwa. Sasa nikimtoa nje naona kama nimemtukana mama yangu."

"Pengine usimtoe wewe," nikasema. "Mwulize mgonjwa. Mgonjwa ndiye aseme."

Akaweka kijiko, akaivuta ile bahasha yake.

Jumapili iliyofuata Nanay alikubali kukaa tena kwenye kiti, kwa sharti kwamba asiambiwe tena habari za wali. Dada Perlita akaingia. Akamsalimia Nanay, kisha akaja kitandani akakaa, macho sawa na yangu.

"Nimfa, yuko mama mkwe wako hapa. Nataka tuzungumze habari zako. Unataka abaki, au tuwe wawili?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema neno la mchezo. Lakini Nanay alikuwa ananiangalia, na mimi tangu niolewe sijawahi kumwambia Nanay hapana kwa jambo lolote. Nilisikia Yumi ananyonya kidole.

"Naomba tuwe wawili," nikasema.

Nanay akanyanyuka, akasema, "Ana siri gani huyu," si kwa ukali, akatoka, akaufunga mlango mwenyewe.

"Haya," Dada Perlita akasema. "Unajisikiaje?"

Kwenye karatasi ilikuwa imeandikwa maumivu ya kifua. Badala yake nikamwambia kwamba tangu Yumi azaliwe sijalala usingizi wa kutosha, na kwamba wakati mwingine nafungua bomba la bafuni ili wasisikie ninavyolia, na kwamba sina sababu, mtoto mzima, mume mwema, Nanay ananisaidia. Sijui yalitoka wapi. Dada Perlita aliacha karatasi. Hakunishika wala hakuniambia nyamaza. Aliniuliza mara ngapi kwa wiki, na kama nawaza kujidhuru, nikasema hapana, akauliza tena kwa njia nyingine, nikasema hapana, Dada, ni uchovu. Akasema tutakwenda kliniki Jumanne, yeye hana zamu, na kwamba hamwambii mtu.

Akaikunja ile karatasi.

"Ungeniambia kama Nanay angekuwepo?" akauliza.

"Nisingekuambia."

"Na nimekaa ukuta mmoja na wewe," akasema. Akajisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Basi nimeelewa wanachotaka."

Jumanne tulikwenda kliniki, na hayo ni yangu. Machi akaenda kurudia.

Alinisimulia mwenyewe, siku ileile, amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Mgonjwa alikuwa mzee wa kuigiza, amelala. Binti wa mgonjwa alikuwa mama mtu mzima, mvi zimejaa, sura ya mtu ambaye kwetu ungembusu mkono. Dada Perlita alipoingia tu, yule mama akamshika mkono: "Niambie mimi kwanza, nesi. Baba yangu ana moyo mwepesi."

"Nilitaka kumwambia," Dada Perlita akasema. "Neno lilikuwa hapa, Nimfa. Nusu limetoka."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, ngoja nimwulize baba. Nikamgeukia mzee, nikakaa. Nikamwuliza kama ulivyonifundisha. Akasema hataki binti asikie."

"Ukamtoa?"

"Nikamtoa. Akalia. Alilia vizuri sana yule mama, sijui walimtoa wapi. Nikaona kabisa ni Nanay amesimama mlangoni. Nikafunga mlango."

"Halafu?"

"Halafu nikamwambia mzee habari zake. Akaniuliza maswali, nikamjibu. Kengele ikalia."

Jibu lilichukua wiki tatu. Wiki hizo hakuna aliyemtajia. Nanay alipika, Rodel alikoroma, mimi nilianza kulala kidogo. Lilipokuja lilikuwa na mistari miwili: pengo limefungwa, ajiandikishe mtihani wa kompyuta. Aliufanya baada ya siku tisa, ametoka zamu mbili mfululizo, kwa sababu hakukuwa na tarehe nyingine. Akafaulu. Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya chama tarehe ishirini na mbili Aprili. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Nilisoma jina lile kwenye simu yake kwa kidole, herufi moja moja, Hortinela, Perlita, na mbele yake lile neno la leseni ndogo. Nikamwuliza kama ile kubwa ataiomba siku moja. Akasema, "Usinitajie kubwa."

Walimchukua palepale kwenye nyumba ya wazee. Wazee ni walewale, korido ileile, isipokuwa sasa anasukuma toroli la dawa na ana watu wa kuwaambia fanyeni. Juu yake yuko yule binti wa miaka ishirini na mitatu, ambaye sasa ana ishirini na minne. Siku ya kwanza ya kazi mpya alirudi saa kumi jioni. Nanay alikuwa amepika pansit, pansit ndefu za sherehe, amezipanga mayai juu. Alipomsikia kwenye ngazi akamwita, "Nesi, karibu mezani," na lilikuwa neno lake la kwanza la utani kwake tangu Februari.

Dada Perlita alifika, akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Akasema mabibi wawili wamekataa dawa na mzee mmoja amemtemea. Akasema mtoto wa mgonjwa mmoja amempigia simu mara tatu kutaka habari za mama yake, naye amemjibu kwamba ni lazima mama mwenyewe aulizwe kwanza, na yule mtoto amemwita asiye na huruma.

"Ungemwambia tu," Nanay akasema.

"Ningemwambia, Nanay, ningekuwa nimefukuzwa, nimerudi nyumbani saa tano asubuhi."

Nanay akacheka, akaenda kuchukua sahani. Nikabaki naye. Nikamwuliza kama amefurahi.

"Nimefurahi, mdogo wangu," akasema. "Ngoja nivue viatu kwanza."

Alivua kimoja. Alikuwa bado ameshika kamba za cha pili nilipoona kichwa chake kimelala ukutani, na safari hii sikumwamsha. Nilipiga magoti nikakivua mimi.